Ritifaa ya Ng' na Sintaksia ya Mashine: Tahakiki ya Kanuni za Faili za Vigezo katika Uchapaji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi ambayo wanaisimu wa lugha za Kiafrika hawajazoea kuyatia katika mizani ya uhakiki, nayo ni faili za vigezo zinazotumiwa na programu za kugeuza matini kuwa kurasa za kuchapwa. Huenda msomaji akauliza: je, jambo hili si kazi ya mafundi wa kompyuta? Jibu ni kwamba faili hizo zina msamiati wake, viambajengo vyake na kanuni zake za mpangilio, yaani zina sintaksia. Tena sintaksia hiyo haikai peke yake. Inakutana kila siku na maneno ya lugha za watu, na pale zinapogongana, aghalabu lugha ya watu ndiyo inayoamriwa kupisha njia.

Mahali pa mgongano huo panapochunguzwa hapa ni Kisumu na pwani ya Ziwa Nyanza upande wa Kenya, ambako Dholuo na Kiswahili huandikwa bega kwa bega katika orodha za wanafunzi, daftari za makanisa, kadi za mazishi na rejista za wavuvi. Tangu kanuni za mwaka 2007 zilizohusu vikundi vya usimamizi wa fuo zitolewe, kila ufuo wa kupakulia samaki umetakiwa uwe na orodha ya wanachama wake. Orodha za namna hiyo zimejaa majina kama Ochieng', Achieng', Ong'ech na Ng'ong'a. Majina hayo yana alama moja ndogo, ritifaa, ambayo kwa mwandishi wa Dholuo ni sehemu ya konsonanti, lakini kwa mashine ni amri.

Hoja ya makala haya ni kwamba ushauri unaotolewa mara kwa mara mbele ya mashine, kwamba “alama hiyo iondolewe tu ili kazi iende”, si ushauri wa kiufundi. Ni uamuzi wa kiothografia uliopitishwa bila ya wenye lugha kuulizwa. Pili, itaonyeshwa kwamba kosa haliko katika ufundi wa kompyuta kwa jumla, kwa maana zipo kanuni zinazoiheshimu alama hiyo bila ya taabu yoyote.

2. Hadhi ya ng' katika lugha mbili

Yafaa kwanza ieleweke ritifaa hii ni kitu gani. Katika Kiswahili Sanifu, ng' ni nazali ya kaakaa laini isiyofuatwa na kipasuo, ilhali ng ni nazali hiyo pamoja na kipasuo chake. Tofauti hiyo ni ya kifonimu. Mtu anayeng'oa mti hafanani na mtu anayelia ngoa. La kwanza ni tendo la mikono, la pili ni wivu wa moyo. Aidha, methali isemayo kwamba jina jema hung'ara gizani haitamkiki ipasavyo ritifaa ikiondolewa.

Katika Dholuo tofauti hiyo ina uzito vilevile. Ng'ato ni mtu, ng'eny ni wingi, ng'ut ni shingo. Lakini ngege, samaki anayeliwa sana katika mwambao huo, huandikwa bila ritifaa kwa sababu hutamkwa pamoja na kipasuo. Mchuuzi wa Dunga hahitaji somo la fonolojia ili azitenganishe sauti hizo mbili. Anazitenganisha kila anapofungua kinywa.

Hata hivyo ziko tofauti za kimfuatano kati ya lugha hizo mbili, na tofauti hizo zitakuwa na umuhimu mkubwa hapa chini. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu; kwa hiyo ng' hutokea mwanzoni mwa neno au katikati, kamwe si mwishoni: ng'ombe, kung'uta, ng'ang'ania. Dholuo, kwa upande wake, huruhusu konsonanti mwishoni mwa neno. Chieng' ni jua, na kutoka humo hupatikana Ochieng' na Achieng', majina ya mvulana na msichana waliozaliwa jua likiwaka. Hivyo katika Dholuo ritifaa inaweza kukaa mwanzoni, katikati, au kuwa alama ya mwisho kabisa ya neno.

Kihistoria, ritifaa haikuwa njia pekee iliyopendekezwa. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi ŋ, na mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf mwaka 1928, katika Sudan ya Kusini ya leo, ulielekea huko pia. Kiacholi, ndugu wa Dholuo, kinaitumia ŋ, na maandishi sanifu ya Luganda yanaitambua. Dholuo ya Kenya na Kiswahili Sanifu zilibaki na ng'. Sababu moja inaeleweka kwa urahisi: ritifaa ilikuwako katika kila taipureta na katika kila sanduku la herufi za risasi. Kwa maneno mengine, alama ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi kuchapa. Kinaya cha historia ni kwamba alama hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwa ngumu kuchapa.

3. Faili ya vigezo kama tungo

Programu ya kugeuza matini kuwa kurasa hupokea vitu viwili. Cha kwanza ni matini yenyewe. Cha pili ni faili ya vigezo, ambayo huieleza programu ukubwa wa karatasi, upana wa pambizo, aina ya herufi, maneno ya kichwa cha ukurasa, na mara nyingine ni alama gani igeuzwe kuwa alama gani. Kila tungo katika faili hiyo kwa kawaida huwa na kiima na kiarifu: jina la kigezo, alama ya kuunganisha, na thamani. Kwa mfano:

MJI='Kisumu'

Thamani iliyo maneno huitwa uzi, na uzi huhitaji mipaka ili mashine ijue unapoanza na unapokoma. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika lugha nyingi za mashine, mpaka huo ni ritifaa. Msimbo wa ASCII uliotolewa mwaka 1963 uliipa ritifaa nafasi moja tu, ya 39, na nafasi hiyo moja ikabebeshwa kazi nyingi: alama ya udondoshaji, alama ya kufunga nukuu, na katika lugha za mashine, ukuta wa uzi. Hakuna aliyefikiria kazi ya nne, yaani kuwa sehemu ya konsonanti.

Kanuni za kuiruhusu ritifaa ndani ya uzi uliozungushiwa ritifaa ni za namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni kuirudia: ritifaa mbili zilizoshikana ndani ya uzi husomwa kama moja. Ndivyo ilivyo katika JCL, lugha ya kuamuru kazi katika kompyuta kubwa za IBM, na ndivyo ilivyo katika SQL. Namna ya pili ni kutanguliza mkwaju uliogeuzwa ili alama inayofuata ipoteze nguvu zake za kiamri. Lakini si kila mahali: katika magamba ya Unix, uzi uliofungwa kwa ritifaa haukubali mkwaju huo hata kidogo, na mwandishi hulazimika kuufunga uzi, kuiandika ritifaa nje yake, kisha kuufungua tena.

4. Mahali kanuni zinapokatika

Kanuni ya kurudia inaonekana nyepesi, na kwa jina moja moja la Kiayalandi linalotokea katika orodha ya Kiingereza, ni nyepesi kweli. Tatizo lake hujitokeza pale alama inapokuwa ya kila mstari. Ikichunguzwa kwa mifano ya mwambao wa ziwa, hudhihirika makosa ya namna tatu, na kila moja hutokana na mahali ng' inapokaa katika neno.

Namna ya kwanza ni ritifaa ya katikati:

JINA='Nyong'o'

Mashine hufungua uzi, husoma Nyong, na inapokutana na ritifaa huufunga. Herufi o hubaki nje kama yatima, na ritifaa ya mwisho hufungua uzi mpya usio na mwisho. Kiswahili pia huangukia katika shimo hili, kwa kuwa ng' yake ni ya mwanzoni na katikati.

Namna ya pili ni ritifaa ya mwishoni:

JINA='Ochieng''
MJI='Kisumu'

Mwandishi anaona jina limefungwa vizuri. Mashine inayofuata kanuni ya kurudia huona kinyume chake: ritifaa mbili zilizoshikana ni ritifaa moja ya ndani, na uzi haujafungwa. Ikiwa kanuni haziulazimishi uzi ukome mwisho wa mstari, mashine huendelea kusoma, huumeza mstari wa pili mpaka kwenye ukuta wa kwanza wa neno Kisumu, na kuanzia hapo yaliyo ndani huwa nje na yaliyo nje huwa ndani. Ili jina liandikwe sawasawa, zinatakiwa ritifaa tatu mfululizo: 'Ochieng'''. Ni wazi kwamba kosa hili haliwezi kutokea katika neno la Kiswahili, kwa maana Kiswahili hakina ng' ya mwisho. Ni kosa linaloiandama Dholuo kwa sababu ya muundo wa silabi zake. Msanifu wa kanuni aliyejipima kwa Kiswahili peke yake asingeligundua.

Namna ya tatu ndiyo ya hatari zaidi:

JINA='Anyang' Nyong'o'

Hili ni jina la msomi na mwanasiasa Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017. Ukizihesabu, ritifaa ni nne: mbili za mipaka na mbili za jina. Idadi ni shufwa, kwa hiyo kila uzi uliofunguliwa umefungwa. Mashine hupata vipande vitatu: uzi Anyang, neno tupu Nyong, na uzi o. Ikiwa programu hukubali maneno yaliyotengwa kwa nafasi, haitalalamika. Itavipokea vipande vyote vitatu kama vigezo vitatu, na ukurasa utatoka na jina lililokatwa. Hali ni hiyohiyo kwa Ng'ong'a, na kwa kitenzi cha Kiswahili chenye muundo wa kukariri kama kung'ang'ania.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni fupi: jina lenye idadi witiri ya ng' huacha ukuta mmoja bila mwenzake, na kwa hiyo kosa lake lina nafasi nzuri ya kugunduliwa, jina lenye idadi shufwa huzilinganisha kuta, na kosa lake linaweza kupita kimya. Mtumiaji aliyelijaribu faili lake kwa jina la Ochieng' akalisahihisha, hana dhamana kwamba jina la pili litakuwa salama.

Kuna pia mgongano wa mwanzo wa mstari, ambao hauwahusu wavuvi bali wachapaji wa mashairi. Programu ya troff, iliyotungwa na Joseph Ossanna katika maabara za Bell mnamo mwaka 1973, huuchukulia mstari unaoanza kwa nukta au kwa ritifaa kuwa ni amri. Washairi wa Kiswahili hudondosha silabi ya kwanza ili mizani itimie, na mahali pa silabi hiyo wahariri huweka ritifaa. Mshororo unaoanza hivyo, ukipitishwa katika programu hiyo bila tahadhari, husomwa kama amri isiyojulikana, na amri isiyojulikana hupuuzwa. Mshororo mzima hutoweka. Ubeti hutoka na mishororo mitatu, na msomaji humlaumu mshairi.

5. Hoja ya kuiondoa ritifaa

Wapo wanaosema kwamba taabu yote hii ingekwisha kama ritifaa ingeachwa. Wanaongeza kwamba Waluo wengi wenyewe huandika Ochieng bila alama, na kwamba mwenye lugha hatakosea kulisoma. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli na haifai kubezwa. Ni kweli kwamba desturi ya kuiacha ritifaa ya mwishoni imeenea. Lakini mwenye lugha halihitaji andiko ili ajue jina lake linavyotamkwa. Anayelihitaji ni mwalimu aliyetoka mbali, karani wa hospitali, na mtoto aliyezaliwa mjini. Kwao, andiko lisilo ritifaa linafundisha matamshi mengine.

Zaidi ya hayo, hoja hiyo haiwezi kabisa kutetewa kuhusu ritifaa ya katikati. Iondolewe katika Nyong'o, na msomaji wa Kiswahili ataona nyongo, yaani uchungu uliomo katika ini la mnyama. Jina la ukoo wenye heshima limegeuzwa kuwa neno la machinjioni, si kwa uadui wa mtu yeyote, bali kwa sababu kanuni ya faili ilihitaji ukuta. Tena, mwenye jina akiwa na nyaraka mbili, moja yenye alama na moja isiyo nayo, yeye ndiye atakayetakiwa athibitishe kwamba ni mtu mmoja. Mashine haiitwi kutoa ushahidi.

6. Njia zilizopo na thamani yake

Zipo sintaksia zinazostahili sifa. PostScript, lugha ya kurasa iliyotolewa na Adobe katika miaka ya 1980, huuzungushia uzi mabano. Ukuta wa kufungua na ukuta wa kufunga ni alama mbili tofauti, na wala si herufi katika othografia inayojadiliwa hapa. Hivyo (Ochieng') na (Anyang' Nyong'o) hupita bila ya kurudia wala mkwaju. Programu ya kubadili matini ya shirika la SIL, iitwayo Consistent Changes, iliyosaidia kutayarisha matini za lugha nyingi ndogo kwa uchapaji, ilichukua njia nyingine: uzi waweza kufungwa kwa ritifaa au kwa alama mbili za kunukuu, kwa hiari ya mwandishi. Anayeandika Dholuo huchagua ile isiyogusa herufi zake. Ni kanuni ya unyenyekevu, na inaonyesha kwamba watunzi wake walizijua lugha za namna hii.

TeX ya Donald Knuth, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1978, ilikwenda mbali zaidi: ndani yake hata swali la herufi ni nini ni kigezo. Kwa desturi yake ya asili, TeX inapotafuta mahali pa kukatia neno mwisho wa mstari, huhesabu ritifaa kuwa si herufi na kuishia hapo. Kwa neno waliong'ang'ania huona waliong tu. Lakini mtumiaji aweza kutangaza kwamba ritifaa ni herufi, kama walivyofanya waandaaji wa kanuni za kukata maneno ya Kifaransa. Tangazo la mstari mmoja hutosha.

Je, herufi ŋ haingelimaliza jambo? Kisintaksia, ingelimaliza. Herufi hiyo si ukuta wa lugha yoyote ya mashine. Ila msimbo wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987, uliotawala uchapaji kwa miaka mingi, haukuwa nayo, ingawa msimbo wa 8859-4 ulikuwa nayo kwa ajili ya Wasami wa Ulaya ya kaskazini. Unicode imekwisha kuiondoa pingamizi hiyo. Pingamizi iliyobaki ni ya kijamii: vizazi kadhaa vimesoma Biblia, magazeti na vyeti vyenye ng', na si haki kuvibadilishia othografia ili faili ya vigezo ipate raha.

Pendekezo la pili ni la kutumia ritifaa-herufi, ambayo Unicode imeipa nafasi ya U+02BC na kuiweka katika kundi la herufi, si la alama za uakifishaji. Kwa macho haitofautiani na ritifaa iliyopinda ya kawaida, U+2019. Kwa mashine tofauti ni kubwa: neno halikatwi, na programu inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno haitatoa tena Nyong'O, kosa linaloonekana popote ritifaa inapodhaniwa kuwa mpaka wa maneno. Udhaifu wake ni kwamba haimo katika kibodi za kawaida. Kwa hiyo haifai kudaiwa kwa mtu anayepiga chapa, bali yafaa iingizwe na programu yenyewe, kwa kigezo kisemacho kwamba ritifaa ifuatayo ng ndani ya jina igeuzwe hivyo.

Hata hivyo, alama yoyote iliyo nje ya ASCII huleta sharti jingine: faili itangaze msimbo wake. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8. Programu inayoisoma kwa msimbo wa zamani wa Windows itachapa Ochiengâ€™, na ile inayohesabu safu kwa baiti itasukuma nguzo zilizobaki kwa nafasi mbili, hata ada ya mwanachama ikasomeka chini ya nguzo ya namba yake ya simu.

7. Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kwamba kanuni ya kuifanya ritifaa kuwa ukuta wa uzi haina upendeleo wa makusudi, lakini ina lugha iliyoifikiria na lugha ambazo haikuzifikiria. Gharama yake haigawanywi sawa: Kiswahili hulipa katikati ya neno, Dholuo hulipa katikati na mwishoni. Kutokana na hayo, faili ya vigezo itakayotumiwa Kisumu, Homa Bay au Siaya yafaa itimize masharti manne. Mipaka ya uzi isiwe alama iliyo sehemu ya herufi za watumiaji, au mwandishi apewe hiari ya mpaka wa pili. Uzi usivuke mstari bila ya idhini, ili kosa la jina moja lisiharibu majina yanayofuata. Neno lisilotambuliwa lisipuuzwe, bali litajwe pamoja na namba ya mstari. Na faili iseme wazi msimbo wake na herufi zake.

Masharti hayo si mageni kwa mafundi. Kila moja limekwisha kutekelezwa mahali fulani. Kinachokosekana ni mtu wa kuyadai, na kudai huko ni kazi ya idara za lugha. Kabla programu haijapokewa na ofisi ya usajili au kiwanda cha uchapaji, yafaa ipimwe kwa orodha fupi: Ng'ong'a, Nyong'o, Ochieng', Anyang' Nyong'o. Majina manne tu yatafichua makosa yote matatu yaliyoelezwa hapa, na mwanafunzi yeyote wa isimu aweza kuufanya mtihani huo kwa asubuhi moja.